Sekunde 31: Safari Yangu ya Kutafuta Mashine ya Usingizi

Mke wangu alinirekodi nikiwa nimelala, wala hakuniambia. Asubuhi yake, nikisubiri kengele ya kipindi cha kwanza shuleni, akanitumia ile sauti kwenye WhatsApp bila neno lolote. Nikaweka simu sikioni. Kulikuwa na mtu anakoroma kwa nguvu, kisha kimya. Nilidhani rekodi imekatika, lakini nilipotazama kioo cha simu sekunde zilikuwa bado zinakwenda. Ndani ya kimya kile nikamsikia mke wangu akihesabu kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta tasbihi: ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Hapo mtu yule akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo kama aliyeopolewa kisimani, kisha akaendelea kukoroma.

Mtu yule ni mimi.

Jioni nilimuuliza ameanza lini kuhesabu. Akasema yapata miaka miwili. "Nahesabu ili nijue wakati wa kukusukuma, Baba Imani. Nikifika arobaini hujavuta pumzi, nakusukuma." Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikashindwa la kusema. Miaka miwili nilikuwa nikilala mimi, na mwenzangu akikesha kunilinda.

Dalili zote nilikuwa nazo, na kila moja nilikuwa nimeipatia sababu yake. Kichwa kuniuma asubuhi nilisema ni macho. Kuamka mara tatu kwenda haja ndogo nilisema ni umri. Presha ya damu iliyokataa kushuka hata baada ya kuongezewa dawa ya tatu nilisema ni kazi. Hata siku niliposinzia kwenye foleni ya Jogoo Road, mguu ukiwa juu ya breki, nikaamshwa na honi ya matatu iliyokuwa nyuma yangu, nilisema ni uchovu wa kusahihisha mitihani. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba anayekoroma ana usingizi mtamu. Nataka kuliandika hili waziwazi: anayekoroma, akanyamaza, kisha akashtuka akitafuta hewa, hana usingizi mtamu. Anakabwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda dukani kabla ya kwenda kwa daktari. Nilisoma usiku kucha kwenye intaneti, nikajua ugonjwa unaitwa apnea ya usingizi na kwamba kuna mashine. Jumamosi tukashuka mjini, mimi na Mama Imani, tukaingia duka la vifaa vya hospitali. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, unataka ya bei gani?" Akatuwekea mbili mezani.

Ya kwanza, nilikuja kujua baadaye, haikuwa mashine ya apnea kabisa. Ilikuwa ya kukamua oksijeni kutoka hewani, zile zilizotafutwa sana wakati wa Korona. Tangu wakati ule, hapa Nairobi kila chombo chenye mpira unaokwenda puani huitwa mashine ya oksijeni, na mkanganyo huu unaweza kumgharimu mtu vibaya. Mashine ya apnea haiongezi oksijeni. Inavuta hewa hiihii ya chumbani, inaichuja, kisha inaisukuma puani kwa nguvu ya kiasi ili koo lisijifunge. Umewahi kuona mpira wa kumwagilia bustani uliolala bapa? Fungua maji, unajaa na kusimama. Koo la mtu kama mimi hulala bapa misuli inapolegea usingizini, na hewa inayosukumwa ndiyo inayolisimamisha. Kumpa mtu huyo oksijeni peke yake ni kumpelekea chakula mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Ya pili ilikuwa mashine ya kweli, lakini ya presha mbili, na bei aliyoitaja ilizidi karo ya mwaka mzima ya watoto wangu wote wawili. "Hii ndiyo kubwa, hii ndiyo bora," alisema. Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya mkopo wa sacco. Mama Imani ndiye aliyeuliza, kwa upole: "Inatibu nini ambacho ile ndogo haitibu?" Kijana hakuwa na jibu. Tukamshukuru, tukatoka.

Daktari wa mapafu tuliyemwona Upper Hill hakuanza na bei. Alianza na maswali manane. Baadaye nilijua ni kipimo kilichotungwa na daktari Murray Johns huko Melbourne mwaka 1991: unaulizwa unavyoweza kusinzia ukiwa unasoma, ukiwa abiria garini, ukiwa umekaa baada ya chakula cha mchana, na kadhalika. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 24. Ukipita 10, usingizi wako wa mchana si wa kawaida. Nilipata 17. Akachukua utepe kama wa fundi cherehani akanipima shingo: sentimita 44. Madaktari huanza kuitilia maanani shingo ya mwanamume inapopita 40 hivi.

Kisha nikapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani Buruburu: mkanda kifuani, mrija mwembamba puani, na kibanio kidoleni cha kupima oksijeni ya damu. Usiku mmoja tu. Majibu yalirudi yakisema pumzi yangu ilikuwa ikikatika au kupungua mno mara 41 kwa saa. Kila mkatiko unaohesabiwa ni wa sekunde 10 au zaidi. Chini ya mara 5 kwa saa ni hali ya kawaida, 5 hadi 15 ni apnea hafifu, 15 hadi 30 ni ya kati, na kupita 30 ni kali. Oksijeni yangu ilikuwa ikiteremka hadi asilimia 74. Mke wangu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Kila alichokihesabu gizani kilikuwa pale, kimechorwa.

Lakini mstari uliokuwa na maana kuliko yote katika kuchagua mashine ulikuwa chini yake. Daktari aliuwekea kidole. "Mwalimu, hizi zako karibu zote ni za kuziba."

Pumzi inaweza kukatika usingizini kwa njia mbili. Njia ya kwanza, kifua na tumbo vinahangaika kuvuta hewa lakini koo limeziba. Ya pili, koo liko wazi lakini ubongo haujatuma amri ya kuvuta pumzi, na kifua kimetulia tuli. Kwa aliye kitandani pembeni yako, kimya ni kilekile. Kwa mashine, tofauti ni kubwa mno. Ndiyo maana mkanda wa kifuani upo: ndio unaosema kama mwili ulikuwa ukipambana au umenyamaza.

Kwa apnea ya kuziba, isiyo na ugonjwa mkubwa wa moyo wala wa mapafu pembeni yake, tiba ya kawaida ni ileile iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney. Mwaka 1980 daktari huyo alichukua injini ya kupulizia hewa, akaiunga kwa mipira hadi kwenye pua ya mgonjwa, na mgonjwa akalala. Mwaka 1981 alichapisha habari za wagonjwa watano katika jarida la Lancet. Kabla ya hapo, tiba ya uhakika kwa waliozidiwa ilikuwa kutobolewa tundu kooni. Mimi hulifikiria tundu lile kila ninaposikia mtu akisema barakoa inamkera.

Mashine hiyo ndiyo CPAP: presha moja, usiku kucha. Ndugu yake ni ile inayojirekebisha yenyewe, APAP. Inasikiliza koo pumzi kwa pumzi, inaongeza likianza kujifunga, inapunguza likitulia. Presha ya zote mbili huwa kati ya 4 na 20, kwa kipimo cha sentimita za maji. Kwa mtu kama mimi, ambaye presha ya hewa anayohitaji haijapimwa akiwa amelazwa maabara usiku kucha, ile inayojirekebisha ina faida, kwa sababu inajitafutia yenyewe. Nilichukua hiyo.

Ya presha mbili, BiPAP, inasukuma kwa nguvu unapovuta na kulegea unapotoa. Ina wenyewe: walio na uzito mkubwa ambao pumzi yao ni hafifu hata mchana na hewa chafu inabaki damuni, wenye misuli dhaifu ya kupumua, baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa mapafu, na wale walioshindwa kuvumilia presha kubwa ya CPAP. Sikuwa mmoja wao. Ningelipa zaidi kwa kitu nisichokihitaji.

Iko nyingine ya nne, ASV, kwa baadhi ya wale ambao ubongo ndio unaosahau. Hii isinunuliwe bila daktari kwa hali yoyote. Mwaka 2015 utafiti ulioitwa SERVE-HF ulionyesha kwamba wagonjwa wenye moyo uliodhoofika kusukuma damu, na ambao apnea yao ni hasa ya ubongo, walikufa kwa matatizo ya moyo zaidi walipowekewa mashine hiyo kuliko wasiowekewa. Kwa hiyo yule muuzaji anayekuambia kubwa ndiyo bora anaweza kukuuzia kitu cha kukudhuru. Ndiyo maana nilikasirika siku ile nilipoelewa, na hasira hiyo haijaniisha.

Bima ya kazini ililipa kipimo, mashine ikaikataa. Tuliikodi mwezi mmoja kwanza, kisha tukainunua kwa awamu. Kama muuzaji wako anakubali kukukodisha, anza hivyo.

Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya. Mashine ilikuwa imeachwa kama ilivyotoka kiwandani, 4 hadi 20. Ikianza na 4, nilihisi kama navuta hewa kupitia mrija wa soda. Nikaivua baada ya dakika 20. Wengi huishia hapo. Mashine inawekwa juu ya kabati na inabaki pale. Nilimpigia daktari, naye akabana upana ule: 7 hadi 13. Namba mbili tu. Usiku uliofuata nililala nayo kwa muda wa saa 5. Muulize daktari wako namba zako ni zipi, na uziandike mahali. Mashine nzuri yenye namba mbaya ni mashine mbaya.

Sasa barakoa, na hapa naomba msomaji avumilie. Tulitumia wiki nzima kulinganisha mashine, na dakika tano kuchagua barakoa. Ingekuwa kinyume chake. Sanduku linakaa mezani. Barakoa inakaa usoni.

Kuna aina tatu. Ya kwanza ni vijimito viwili vya mpira laini vinavyokaa midomoni mwa matundu ya pua, ya pili inafunika pua, na ya tatu inafunika pua na mdomo. Muuzaji alinipa ya tatu kwa sababu nilimwambia huwa napumua kwa mdomo. Ilivujisha hewa machoni usiku kucha. Nikaikaza mikanda, ikavuja zaidi, na asubuhi nikaenda darasani na alama nyekundu juu ya pua hadi wanafunzi wakaniuliza kama nimeanguka. Sikujua kwamba ukingo wa barakoa umetengenezwa ujae hewa kama mto; ukiukaza sana unaubana, na hewa inatafuta pa kutokea.

Daktari aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Unapumua kwa mdomo kwa sababu gani?" Kwa sababu pua imeziba. Pua imeziba kwa sababu ya mzio na vumbi la barabara ya Outering ninayopita kila siku. Nikapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, nikapewa dawa ya kupuliza puani, na baada ya wiki tatu nilikuwa napumua kwa pua kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Hapo nikahamia barakoa ya pua peke yake. Nyepesi, haishuki, na presha niliyohitaji ikapungua. Wataalamu wanasema si ajabu: barakoa ya mdomo na pua mara nyingi hudai presha kubwa zaidi, na watu huiacha upesi zaidi.

Ukienda kujaribu barakoa, usijaribu umesimama mbele ya kioo. Omba ulale kitandani pale kliniki, mashine ikiwa imewashwa kwa presha yako, ugeuke kushoto na kulia. Uso ukilala hubadilika umbo. Mwenye ndevu aende nazo kama anavyozifuga, asinyoe siku ile. Mwanamke mwenye misuko aende amesukwa, kwa maana mikanda inapita kichwani na kitambaa cha kulalia nacho kinataka nafasi yake. Mambo haya sikuyaona kwenye kijitabu chochote kilichokuja na mashine.

Halafu stima. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, na hata bila siku kama ile, mtaani kwetu taa hupotea tunapoanza kusahau kwamba hupotea. Nilichoogopa zaidi ni kukosa hewa ndani ya barakoa. Hofu hiyo haina msingi: barakoa zina matundu ya kutolea hewa, na ile ya mdomo na pua ina kilango kinachofunguka mashine ikizima. Unaamka tu, au unarudi kukoroma kama zamani. Lakini sikutaka kurudi kama zamani. Chombo kinachokula umeme mwingi ni kile kinachopasha maji ya kulainisha hewa, si kile kinachosukuma. Nikikizima, mashine yangu hutumia kama wati 12, kwa hiyo betri ndogo inanifikisha asubuhi. Nikikiwasha, betri hiyohiyo inakata usiku wa manane. Kabla hujanunua, uliza kama mashine inakubali waya wa betri moja kwa moja bila kupitia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwa sababu inveta nayo inakula.

Maji ya kile chombo yawe yaliyosafishwa kwa mvuke. Ya mfereji, hata yakichemshwa, huacha ukoko mweupe. Mimi hununua duka la dawa. Sichukui kwenye kituo cha mafuta, maana pale maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Mashine nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe kulingana na mwinuko. Baadhi ya za zamani zilitaka uzipange kwa mkono, la sivyo zinasukuma pungufu. Nalitaja hili kwa sababu ya mitumba. Binamu yangu aliyeko Dallas alitaka kunitumia iliyokuwa ya baba mkwe wake. Stima si tatizo, nyingi hukubali volti 100 hadi 240 na kinachobadilika ni plagi tu. Lakini haikujulikana imetumika muda gani, na mwenyewe alikuwa mvutaji sigara. Nilimshukuru nikakataa. Tena Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mamilioni ya mashine zake zirudishwe, kwa kuwa sifongo ya kupunguza kelele iliyomo ndani ilikuwa ikimomonyoka na vipande vyake vingeweza kuvutwa na anayelala. Zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili mwaka huo ndizo zilizoguswa. Akiletewa mtu mashine kutoka ng'ambo, asiiwashe kabla ya kuitafuta namba yake kwenye orodha hiyo.

Miezi minane sasa. Kila asubuhi mashine inanionyesha namba: jana mikatiko ilikuwa 2.3 kwa saa. Inanigawia pia iliyo ya kuziba na ile ambayo koo lilikuwa wazi, na hizo za pili daktari huzitazama kwa makini kila ninaporudi, kwa sababu kuna watu ambao mashine yenyewe huzizusha, ingawa kwa wengi hutoweka baada ya wiki au miezi. Dawa moja ya presha imeondolewa. Sisinzii Jogoo Road. Wiki za mwanzo Mama Imani ndiye aliyekosa usingizi. Aliamka usiku kwa mazoea, akaweka mkono kifuani pangu, akasubiri.

Juzi jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee anayeendesha lori la Malaba, alinisimamisha langoni. Amesikia nina mashine. Anataka kujua aina na bei, kijana wake yuko tayari kumnunulia. Nikamuuliza kama amepimwa. Hajapimwa. Nikamwomba ampigie mama, yaani mkewe, simu, amuulize tu: usiku pumzi yangu ikikata, huwa unafika ngapi?

Alipiga, akaweka sauti ya nje. Nilidhani mama atauliza swali hilo limetoka wapi. Hakuuliza.

"Arobaini," alisema. "Juzi, arobaini na nne."

Mzee alibaki ameshika simu, mama bado yuko hewani. Kipimo chake ni Jumanne, na nimemwambia nitampeleka mimi, lori alipumzishe.